Maswali ya Wasomaji: "Bibi kachorwa mkubwa katikati, mimi kaniweka kwenye kona"

Wapendwa, mwezi huu maswali mengi yamekuja na picha. Mtu anapiga picha karatasi aliyochora mwanae, anaituma na mstari mmoja tu, "hii inamaanisha nini?" Nimechagua manne, na vitu vinavyoweza kumtambulisha mtoto nimevitoa au nimevibadili.

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kiume, ana miaka sita, tunaishi Sakina Arusha. Mtoto alikaa kwa mama yangu Marangu toka ana mwaka na nusu mpaka mwaka jana nilipomchukua aanze shule huku. Juzi waliambiwa wachore familia. Kamchora bibi katikati mkubwa, pembeni yake ng'ombe, alafu babu, mama mdogo na binamu zake wawili, mimi niko juu kabisa kwenye kona mdogo kama kidole, na yeye mwenyewe hajajichora. Watu wote mikono wameishusha na hakuna anayecheka. Mwalimu wake alishaenda semina ya malezi, akaniita akaniambia mtoto hajafungamana na mimi, yani hajanishika moyoni kama mlezi wake, picha inaonyesha wazi. Nimelia usiku mzima. Nilimwacha kijijini kwa sababu nilikuwa nauza mitumba pale soko la Kilombero, Arusha, nalala chumba kimoja na wenzangu watatu, ningemweka wapi? Je nimeshamharibu mwanangu?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole kwa huo usiku. Picha nimeiangalia mara nyingi, na kwenye ile karatasi hakuna mahali panaposema umemharibu mtoto. Ngoja nikueleze kwa nini mwalimu kaona alichoona, maana hajatunga, kafundishwa, ila alichofundishwa kimetoka mbali na kimetua huku bila mtu kuuliza kama kinatutosha.

Kumpima mtoto kwa picha ni jambo la zamani. Mwaka 1926 Florence Goodenough wa Marekani alitoa kipimo cha kumwambia mtoto achore mtu, alafu unahesabu kaweka nini, macho, shingo, vidole, unapata makadirio ya akili yake. Mwaka 1949 Karen Machover akasema picha ya mtu inaonyesha mpaka tabia ya ndani ya aliyechora. Mwaka 1970 Burns na Kaufman wakataka mtoto achore familia nzima, kila mtu akiwa anafanya kitu, ndo watu wakaanza kuangalia nani kakaa karibu na nani, nani katengwa na ukuta, nani hayupo. Alafu mwaka 1997 watafiti watatu wa Marekani, Fury, Carlson na Sroufe, wakachapisha orodha ya alama za mtoto ambaye hajafungamana vizuri na mlezi wake, waliitengeneza kwa picha za watoto wa miaka minane mpaka tisa wa huko Minnesota.

Ukiisoma hiyo orodha huku umeshika picha ya mwanao lazima moyo ushtuke. Mtoto mbali na mama, alama. Mama au mtoto hayupo, alama. Watu wadogo kupita kawaida au wamesukumwa kwenye kona, alama. Mikono imeshuka imebana mwili, sura haina furaha, alama tena. Mwanao kazipata karibu zote, na ana miaka sita wala hajawahi kufika Minnesota.

Sasa kuna watafiti wa Ujerumani, Heidi Keller na wenzake, wamefanya kazi miaka mingi na Wanso, wakulima wa kaskazini magharibi mwa Kameruni. Mwaka 2016 walichapisha utafiti wa picha za familia za watoto wa miaka sita, wengine wa familia za kipato cha kati Berlin, wengine watoto wa Wanso vijijini. Alama zinazohesabiwa kuwa mbaya zilijitokeza zaidi kwenye picha za Wanso, watu wadogo wadogo, sura zimetulia tu, mikono chini. Ukienda na orodha peke yake unaondoka umeandika kwamba kijiji kizima hakina upendo. Wao wakasema hapana, tatizo liko kwenye kusoma, kwa sababu kwa Wanso mtoto analelewa na watu wengi na mtoto mzuri ni yule mtulivu, asiyetupatupa hisia zake mbele za watu, kwahiyo sura iliyotulia kwenye picha ni sura ya mtu aliyelelewa vizuri.

Ukisoma hivyo utadhani wanaongelea Marangu au Kibosho. Mwanao kafundishwa na bibi yake kwamba mkubwa akipita unasimama, mikono chini, unaamkia, huchekicheki hovyo. Kachora watu wenye heshima. Na kuhusu ng'ombe mama, wewe umetoka huko unajua, ng'ombe wa kwenye banda ndo kazi ya kila siku ya mtoto, majani asubuhi, majani jioni, akilia watu wanaamka, angemwachaje? Kutojichora nako nimeshakutana nako sana. Mtoto mmoja nilimuuliza wewe uko wapi hapa, akaniangalia kwa mshangao akasema "mimi si ndo nachora". Na kona ya juu, inawezekana kabisa alianza na bibi akamchora mkubwa, karatasi ikajaa, wewe ukapata nafasi iliyobaki. Inawezekana pia kaweka Arusha juu kwa sababu wewe ulikuwa mtu wa mbali unayekuja na mfuko wa zawadi sikukuu ya Krismasi. Sijui ni lipi, na mwalimu pia hajui, anayejua ni mmoja tu na hakuna aliyemuuliza.

Kwahiyo muulize, lakini siku nyingine, mkiwa mmekaa vizuri mmeshakula, mpe karatasi ukae naye. Usiulize "kwanini mimi umenichora mdogo", hapo anajua kakosea atafuta akuchore mkubwa na utakuwa umepoteza kila kitu. Sema "niambie kuhusu hii picha" alafu nyamaza. Akinyamaza na wewe nyamaza. Unaweza kuuliza hapa ni wapi, huyu anafanya nini, nani anapika, usiku nani analala na nani, nani hayupo na angependa awepo. Mwache aseme kwa lugha anayoitaka, kama ni Kichagga cha bibi yake usimkatishe.

Kuna kitu kimoja kwenye barua yako kimenikaa kuliko picha yenyewe. Mwanao kakaa na bibi miaka minne hivi, kalala naye, kaogeshwa naye, alafu siku moja kapanda basi kaja Arusha na maisha yale yakaisha. Kwako ulikuwa unamrudisha nyumbani, kwake alikuwa anaondoka nyumbani. Mwalimu kaona picha akaona kosa la mama, mimi naona mtoto ana hamu na bibi yake na pengine hajapata mtu wa kumwambia. Mpigie bibi simu waongee kila wiki, likizo akae huko, akimtaja usibadilishe mada, akilia mwache alie ukimshika. Hakupunguzii kitu wewe. Mtoto aliyeweza kumpenda bibi kiasi hicho ameshajua kupenda na anakuja na hilo kwako.

Na mwalimu mshukuru kwa kumjali mtoto, alafu mwambie historia hiyo ya Marangu, inaelekea haijui.

SWALI: Habari za kazi madam. Mimi ni mwalimu wa darasa la awali hapa Moshi, nina watoto wengi darasani na wengine wametoka nyumbani hawajawahi kushika penseli. Tumeelekezwa tutumie picha kuwajua watoto wenye shida. Nikiangalia picha za watoto ninaowajua wana shida nyumbani naona kabisa dalili. Je niendelee? Na kwa wale wasiojua kuchora nifanyeje?

JIBU: Nzuri mwalimu, na hongera, darasa kubwa la awali si mchezo. Umesema neno moja muhimu sana, "ninaowajua wana shida". Ukishajua jibu, dalili huikosi. Mwaka 1967 Loren na Jean Chapman huko Marekani walichukua picha za watu wakaziandikia matatizo ya wachoraji bila mpangilio wowote, yani tatizo na picha havikuwa na uhusiano kabisa, wakawapa wanafunzi wa chuo waangalie. Wanafunzi wakasema wameona kabisa, wenye tabia ya kuwashuku watu wanachora macho makubwa, wenye wasiwasi na akili zao wanachora kichwa kikubwa. Haikuwepo hiyo, waliiona kwa sababu inaingia akilini kirahisi, na ni yaleyale ambayo wataalamu wa kazi hiyo walikuwa wanayasema. Mimi mwenyewe nimewahi kuangukia hapo. Mtoto wa Majengo alikoleza rangi nyeusi karatasi nzima nikaandika kwenye daftari langu "huzuni", kuja kuangalia kopo la rangi pale mezani nyeusi ndo iliyokuwa imebaki nzima, nyingine zimeisha zimekuwa vipande vya kucha. Toka siku hiyo naangalia kopo kwanza kabla ya picha.

Kwa wasiojua penseli, Robert Serpell aliwahi kuwalinganisha watoto wa Zambia na wa Uingereza, utafiti wake ulitoka mwaka 1979. Kwenye penseli na karatasi watoto wa Uingereza wakafanya vizuri zaidi, kwenye kutengeneza vitu kwa waya, wale wa Zambia wakawapita, kwenye udongo wakalingana. Watoto walewale, akili zilezile, kilichobadilika ni kitu walichopewa mkononi. Huko Zambia kuna pia kipimo kinachoitwa Panga Munthu, maana yake tengeneza mtu, mtoto anapewa udongo badala ya penseli. Udongo Moshi hatujaukosa mwalimu. Mpe mtoto udongo, mpe waya, wale wanaoonekana wazito kwenye daftari ndo utakuta wanatengeneza gari lina usukani na matairi yanazunguka, na wakitengeneza watu wa kwao wanaanza kuongea wenyewe.

Endelea na picha, ndiyo, ila zitumie kumfungua mtoto mdomo. Watafiti wa New Zealand, Gross na Hayne, walionyesha mwaka 1998 kwamba watoto wadogo wakiambiwa waeleze tukio lililowagusa huku wanachora, wanasema mambo mengi zaidi kuliko wakiambiwa waeleze tu. Hapo ndo faida ya picha ilipo. Kaa karibu, andika maneno yake kama alivyoyasema, andika na tarehe, nani kaanza kuchorwa, nani kafutwa. Kwenye ripoti usiandike "mtoto ana tatizo la mama" kwa sababu ya karatasi moja, hiyo sentensi itamfuata mtoto mpaka darasa la saba.

Na angalia neno unalotumia. Ukisema "chora familia" watoto wengi wanakuchorea bango la ukutani, baba, mama, kaka, dada, kwa sababu neno lenyewe wamelikuta shuleni. Ukisema "chora watu wa kwenu" inakuja picha nyingine kabisa, anakuja shangazi, anakuja mjomba anayekaa chumba cha uani, anakuja dada wa kazi. Kuna mtoto wa Pasua alinichorea zote mbili siku mbili mfululizo, ya kwanza watu wanne, ya pili watu kumi na moja, na kwenye ya pili kuna wamama watatu. Nikamuuliza mama ni yupi, akanionyesha wote, mama mkubwa, mama, mama mdogo. Mtu mzima mwenye haraka angeandika "mama" juu ya yule mkubwa kuliko wote akaondoka.

SWALI: Habari dada yangu, mimi ni mgumu, kazi yangu kubeba mizigo ya wageni mlimani. Mwanangu wa miaka saba kawachora mama yake na wadogo zake kwa ukubwa, mimi kaniweka nukta nyeusi juu ya mlima. Mke wangu anacheka lakini mimi imeniuma. Kanisahau?

JIBU: Nzuri kaka. Kama amekuweka juu ya mlima basi anajua ulipo. Umeshapanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame mara ngapi, siku sita saba hujaonekana nyumbani, na mtu aliyeko kule juu ukimwangalia toka chini hata nukta humwoni, mtoto kaweka nukta ili usikosekane. Watoto wa umri huo na wadogo zao mara nyingi wanachora wanachokijua kuliko wanachokiona. Huyo wa Pasua niliyemtaja, kwenye ile picha ya watu kumi na moja baba yake hakuwepo, nikamuuliza baba yuko wapi, akageuza karatasi, nyuma kulikuwa na mtu mmoja na gari. Akaniambia "Dar iko huku". Ningechukua karatasi mapema nikaibandika ukutani nisingemwona yule baba kamwe.

Ukishuka safari hii kaa naye akuonyeshe hiyo nukta, na wewe umchoree hema lako na mzigo na mahali unapolala, usiogope kwamba hujui kuchora.

SWALI: Shikamoo mama. Naandika kutoka Usa River. Mtoto wa kaka yangu, wa kike miaka minane, yuko kwangu likizo. Kachora nyumba yao, watu wote wako nje, chumba kimoja kakikwangua kwa penseli mpaka karatasi imetoboka. Nikamuuliza hapa ni wapi akasema "hapo usiku sipendi, anko anakuja". Huyo anko ni mtu anayekaa nao. Ameanza kukojoa kitandani na alishaacha zamani, na nikimwambia anarudi kwao anatapika. Naogopa kumsingizia mtu. Je picha inatosha kujua?

JIBU: Marahaba mwanangu. Picha haitoshi, na haihitaji kutosha. Karatasi iliyotoboka peke yake nisingesema kitu juu yake. Lakini wewe una maneno ya mtoto mwenyewe, una kukojoa kulikorudi, una kutapika akisikia anarudishwa. Hayo yote kwa pamoja ni ya kuchukua hatua leo, na kutoa taarifa siyo kumsingizia mtu, kazi ya kujua nini kimetokea ni ya wengine.

Usimrudishe kwanza. Usimhoji, usimwambie achore tena ili uone kama atarudia, na usimletee watu wazima wa ukoo wamuulize mmoja baada ya mwingine, mtoto akiulizwa mara kumi anaanza kubadilisha maneno na baadae ataambiwa kadanganya. Akisema mwenyewe sikiliza, mwambie umefanya vizuri kuniambia na hukukosea, basi. Andika maneno yake vilevile, tarehe na saa. Karatasi iweke kwenye bahasha, usiirushe kwenye grupu la familia.

Piga 116, ni simu ya huduma kwa mtoto, ni bure, watakuelekeza. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na halmashauri kuna afisa ustawi wa jamii, ukifika kwa mmoja wao mwambie unataka mtoto aonwe na daktari pia, na kama unahisi ameumizwa siku hizi za karibuni nenda hospitali sasa hivi usisubiri barua ya mtu. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa haki ya mtoto inapovunjwa, kwahiyo kaka yako akikuuliza nani kakutuma, unalo jibu.

Na usiku huu alale na wewe, taa ikiwaka kama anataka. Barua yako nimeijibu pia kwenye namba uliyoandikia, niambie ukishapiga.